Vitambaa vya Mama Verna Vimekunjwa Upya

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza shambani kwa mwanao Nels. Anayeandika ni mimi, Corinne, binti yako, kwa niaba ya wote. Ungetaka kwanza habari za nyumbani, basi nianze nazo: mabomba hayakuganda kwa baridi, paka yupo, na Baba anakula.

Watu wa hapa Iowa wanakukumbuka kwa jiko la shule, ulipopika hadi ukastaafu. Ulimjua mtoto aliyekuja bila kifungua kinywa, ukamwongezea viazi bila kumuuliza kitu mbele ya wenzake. Wengine leo ni baba na mama wa watu, na bado wananisimamisha dukani kunisimulia.

Sisi tunakukumbuka kwa vitambaa vyako vya kushonea. Nilipoolewa, nilirudi kutoka fungate nikakuta kitanda changu kiko barazani na chumba changu kimejaa rafu hadi darini. Ulisema, "Wewe si una kwako sasa?" Hukuona haya hata kidogo.

Kila kitambaa ulikizungushia rula kabla ya kukikunja, ili vyote viwe na upana mmoja. Mkunjo ulitazama nje, ncha zikafichwa nyuma. Vyeupe vilianza kushoto, vyeusi vikamalizia kulia, na vya drafti ulivitenga na vya maua kwa sababu, ulisema, vikikaa pamoja vinagombana. Mbao ulizitandika mashuka ya zamani zisitie vitambaa madoa. Pazia halikufunguliwa, maana jua linakula rangi. Vipande vidogo ulivitia kwenye ndoo za aiskrimu, na ole wake aliyefungua ndoo akitafuta aiskrimu.

Vipya ulivificha kwenye buti la gari chini ya gunia la viazi mpaka Baba asinzie. Akikiona kimoja mezani unamwambia, "Hiki? Ninacho tangu zamani." Naye anakujibu, "Cha zamani bado kina karatasi ya dukani?" Halafu anarudi kwenye gazeti lake.

Kanisani kwetu, kila kijana anayemaliza shule ya sekondari hufunikwa mabegani blanketi la viraka mbele ya watu wote. Wajukuu zako wote ulikwisha kuwashonea, isipokuwa kitinda mimba wa Nels, Dagny. Ulisema utakata lake ukishapona. Hukupona.

Baba akafunga chumba. Majira ya baridi yalipoingia, mimi na Nels tulikwenda kuchagua vitambaa vya Dagny, maana mwezi wa tano, wa yeye kumaliza shule, haukuwa mbali na kushona kunachukua muda. Baba akasimama mlangoni.

"Msiguse. Mama yenu aliviacha hivi, na vitakaa hivi."

"Baba, ni vitambaa tu, si kaburi," Nels akasema.

Hilo lilimchoma. Hawakusemeshana hata siku ya Krismasi, na mimi nikawa napitisha chumvi baina yao kama mjumbe wa amani. Dagny akajaribu kupoza mambo: "Usijali, Babu. Nitanunua la dukani." Baba aliinuka mezani bila kumaliza nyama yake. Tulikuwa tunaelekea kumnyima mtoto blanketi lake na kumpoteza Baba kwa mpigo mmoja, na hakuna kati yetu aliyejua la kufanya.

Aliyejua ni mdogo wako Ardell. Alikuja Januari na chupa yake ya kahawa, akapanda ngazi bila kuvua koti.

"Shemeji, fungua."

"Sifungui."

"Haya, niambie. Januari, mti wa Krismasi ukishatolewa, dada yangu alikuwa akijifungia humu kufanya nini?"

"Kuhesabu mali yake, nadhani."

"Mali yake! Umeishi na mwanamke miaka yote hiyo, hujui anachofanya upande wa pili wa ukuta? Alikuwa anavishusha vyote, Orville. Anavinyoosha, anavikunja upya ili mkunjo ukae mahali pengine. Kitambaa kikikaa na mkunjo mmoja miaka na miaka, uzi unakatika pale pale. Na miaka ile ya kuugua hakuvigusa tena."

Baba alifungua. Ardell akavuta kile cha bluu cha maua madogo, ulichorithi kwa mama yenu, akakitandaza. Katikati palikuwa na mstari mweupe. Akaupiga pasi, haukutoka. Akakishika pande mbili kwa vidole gumba, akavuta kidogo tu, kikachanika kwenye mkunjo.

Baba aliketi kwenye kiti chako cha cherehani. Nilimwona akilia, Mama, na nakwambia kwa sababu najua ungeuliza.

"Nilikuwa navitunza," akasema.

"Ulikuwa unavitunza, Shemeji. Ila hivyo sivyo vinavyotunzwa."

Tulivishusha vyote. Nels alikuja na mkewe Marit, wakapewa pasi. Baba akapewa rula. Miaka yake yote aliendesha lori la maziwa, na vidole vyake havikuumbwa kwa pamba laini. Ardell akamwambia anakunja kama mtu anayefunga jibini. "Basi nunua, nimekufungia," Baba akamjibu. Hapo Nels alicheka, na Baba akamtazama, na ugomvi wao ukaishia hapo bila yeyote kuomba radhi. Ndivyo walivyo.

Kisha Baba mwenyewe akasema tuchague vya Dagny. Akachukua drafti ya kahawia. Juu yake akaweka maua ya rangi ya chungwa. Kisha mistari ya zambarau. Ardell alishika kichwa.

"Orville! Drafti na maua? Verna akiona hivi atafufuka kwa hasira!"

"Na afufuke," Baba akasema.

Pasi iliendelea kutoa mvuke. Hakuna aliyevibadilisha vitambaa vile.

Mimi na Ardell tulishona. Mwezi uliopita mchungaji alimfunika Dagny, na watu waliokaa nyuma walisikika wakiguna. Blanketi halipendezi, Mama, tusidanganyane. Dagny halivui. Analala nalo, analibeba garini, na atakapokwenda chuoni mwezi wa nane ameapa kuondoka nalo.

Baada ya ibada tulishuka ukumbini chini ya kanisa kunywa kahawa. Baba, ambaye kwa kawaida hukaa karibu na mlango apate kuondoka mapema, aliiendea meza ya akina mama wanaoshona.

"Mwakani anamaliza nani?"

Wakamtajia binti wa akina Quam, ambaye nyumbani kwao hakuna anayejua kushona.

"Mwambieni aje achague," Baba akasema.

Alikuja Jumamosi. Baba alimtangulia ngazini, akamfungulia mlango, akamwambia anawe mikono kwanza. Msichana alipenda kijani, akasita asionekane mroho. Baba akamshushia vitambaa vyote vya rafu ya kijani, akaviweka mikononi mwake. Alipoondoka, Baba alitoa shuka lililokuwa limetandikwa hapo, akalifua, akalirudisha. Sasa hiyo rafu ni tupu, na kila tukipita anatukataza kuweka kitu.

Tunaokukumbuka ni mumeo Orville. Wanao Corinne na Nels, pamoja na mkweo Marit. Mdogo wako Ardell. Wajukuu zako Leif, Solveig na Dagny. Na akina mama wa meza ya kushona.

Vitambaa vitakwisha, Mama, na Baba amekubali vitakwisha. Wewe tutakuwa nawe siku zote.