Salamu Nisiyoisikia

Ami Athman, mkubwa wetu tangu Baba alipotutoka. Mama yangu mpenzi. Shangazi Zena, ambaye namwomba aisome barua hii kwa sauti na asiruke mstari. Nanyi ndugu zangu mlioketi mkekani hapo Faza: asalaam aleikum. Iitikieni, japo siwasikii, kwani ni salamu moja iliyokosa jibu ndiyo iliyonikalisha kuandika. Simu ingekatika katikati ya neno, na neno hili halifai kufika nusu.

Goti la Mama laendeleaje? Mimi mwili wangu ni mzima. Masikio ndiyo yaliyonisumbua.

Mwajua naishi Mji wa Kale na kusomesha ng'ambo, Likoni. Chini ya chumba changu yuko fundi wa masanduku ya bati, aanzaye kugonga kabla sijamaliza chai. Nikitoka, honi za tuktuk. Nikifika Feri, wachuuzi na vipaza sauti vyao. Kisha darasa. Mwaka huu masikio yakaanza kuvuma hata penye kimya, nikamkumbuka Baba: alivyoanza kuomba kila neno lirudiwe, mpaka watu wakachoka kumrudia. Niliogopa, Mama, wala sikukwambia. Daktari akasema niyakinge mapema.

Nikajaribu pamba; haikuzuia kitu. Nikajaribu vizibo vya sponji. Siku mbili vikachafuka, nikavitupa. Vile vya duka la dawa, bei yake ilikuwa ya mtu asiye mwalimu. Mwishowe Bwana Mustafa, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Marikiti, akanitolea vya mpira laini, jozi moja ndani ya kikasha.

"Hivi waosha kwa sabuni, wakausha, wavaa tena," akaniambia. "Mwaka mzima, Mwalimu. Bei ni mahamri yako ya juma moja."

"Na wewe mbona huvai, na misumeno yote hii?"

"Mimi nina mke, bwana, aaminiye misumeno imeniziba masikio. Nikivaa, atajua nilikuwa nikimsikia siku zote."

Nilicheka, nikanunua. Wallahi nilipata raha. Sauti ya mtu aliye mbele yangu naisikia; makelele ndiyo yaliyopungua. Desturi yangu ikawa kuvivaa Feri na kuvivua nikikaribia mtaani.

Jumatatu nilisahau kuvivua. Nilipita barazani pa Mzee Bakari, ami yake kijana aliyemposa dada yetu Rukia, nikiwaza karatasi za mitihani. Mzee alinitolea salamu kwa nyuma, mara tatu, mbele ya wenziwe wanaokunywa kahawa. Nikaenda zangu.

Jioni Bi Mwanajuma, mwenye nyumba yangu, akanisimamisha ngazini. "Mwalimu, umemfanyani Mzee Bakari? Baraza nzima yasema umevimba kichwa."

"Mimi? Sijamwona hata kumwona!"

"Ndiyo hiyo. Naye amesema neno: asiyeitikia salamu ataitikiaje posa?"

Ninyi mwajua kwamba mimi ndiye walii wa Rukia, wa kumwoza badala ya Baba, na kwamba jibu la posa wanalingojea kutoka kinywani mwangu. Nilikwenda mlangoni pake papo hapo. Mkewe akaniambia amelala. Kesho yake, amelala. Siku ya tatu nikamkabidhi mkewe kikasha chenyewe amwonyeshe mzee. Akarudi nacho.

"Asema vizibo ni vya chupa," akaninong'oneza, naye akijizuia kucheka. Kisha uso ukamgeuka. "Mwanangu, leta wazee wako. Ijumaa ijayo wataiondoa posa."

Rukia, najua uko nyuma ya mlango unasikiliza. Hukuniudhi wala hukukosea. Ni mimi niliyekutia katika hili. Vizibo sitaviacha, maana sitaki kuja kukosa sauti yako kama Baba alivyozikosa zetu. Lakini nimevifunga uzi, vinaning'inia shingoni, ili kila apitaye avione na ajue vimo au vimetoka.

Msalimieni Nana, bibi yetu, mwambieni dawa yake ya macho nitamletea. Msalimieni jirani yetu Bi Fatma mshona kofia, na maalimu aliyenifundisha kwamba kutoa salamu ni suna na kuirudisha ni wajibu. Sikulisahau somo lake.

Basi uamuzi wangu, mimi walii, nauweka mbele yenu: Ami Athman avuke bara apande basi la Jumatano pamoja na Shangazi Zena, na Mama afunge halua ya nyumbani. Alhamisi baada ya alasiri tutakwenda barazani pa Mzee Bakari, mbele ya wale wale waliokuwapo. Ami ataketi. Mimi nitasimama, masikio wazi, nitoe salamu mara tatu, na ningoje.

Mwanenu na ndugu yenu,
Swaleh