Mji Usioanika Nguo

Jumatatu, 17 Machi 2025
Mume wangu Chenge amemaliza kuchora barabara. Anasema ni barabara. Mimi naona sembe imemwagika. Mji wa Ulaya wakati wa baridi, theluji hadi kwenye vioo vya magari, na kila kitu kimechorwa mpaka unaona kutu kwenye bomba. Anaiga picha iliyo kwenye simu yake. Nikamuuliza, kama shida ni kufanana, si uende ukaprinti? Akasema printa haina mkono.
Haya. Nepi za Rose nazo zinataka mkono.

Jumatano, 19 Machi
Aliyeagiza ni mzee Shamshudin, muuza majokofu. Anataka aitundike dukani kabla ya Idi, mteja akiingia tu ahisi baridi. Mtu mzima yule.
Ng'washi wa chumba cha pili kaja kuangalia. “Shemeji, huko watu walikufa wote?” Tumecheka mpaka Rose akacheka. Nami nikasema, mji mzima hakuna aliyeanika nguo, wanavaa nini hao? Chenge hakugeuka. Akasema kwenye picha ya simu hakuna kamba, na kisichokuwepo hachori.
Baadaye akaniambia taratibu: mama Rose, maisha yangu yote ni vibao vya saluni. Hii ndiyo ya kwanza watu watakayosimama kuiangalia.
Nikarudi kukunja nepi. Lakini sembe ni sembe.

Ijumaa, 21 Machi
Wadudu wa ziwani wameanza. Asubuhi wingu lao limesimama juu ya maji kama moshi. Wachache wakanasa kwenye theluji mbichi, Chenge akawatoa kwa kibanio changu cha nyusi, kabana pumzi kama daktari. Sasa dirisha lisifunguliwe. Chumba ni hiki kimoja, tunalala na harufu ya tapentaini anayooshea brashi.
Rose anakohoa.
Halafu ameniomba chandarua afunikie picha. Chandarua cha mtoto! Nilimtazama tu, akaenda kuosha brashi.

Jumapili, 23 Machi
Kifua cha Rose kinalia kama mlango. Nesi wa zahanati akauliza, nyumbani kuna moshi? Nikaona aibu kusema kuna theluji. Akanipa dawa. Mtoto apate hewa, mama, hiyo ndiyo dawa kubwa.
Nimemwambia Chenge mji wake ukalale dukani. Eti rangi mbichi haishuki kwenye mawe haya, tutateleza. Kweli, mlima wetu huu wa Igogo ni mawe matupu. Mimi mtoto nashuka naye mgongoni kila siku, hakuna aliyeniuliza kuhusu kuteleza.

Jumanne, 25 Machi
Mchana nashinda na Rose kwa Ng'washi. Anapata nafuu, tukirudi anaanza upya. Nalala nimekaa.
Chenge bado yuko kwenye ghorofa ya tatu ya mji wake. Nyumba za watu wasiomjua, anawapangusia vioo.

Alhamisi, 27 Machi
Ng'washi yuko Magu msibani, kafunga chumba chake. Chenge kaacha picha ikiwa mbichi, kashuka kwa seremala kuchukua fremu. Akasema, mama Rose, dirisha tafadhali.
Saa kumi upepo ukageuka. Wingu lote likaja mlimani kwetu, nje huwezi kufumbua mdomo. Ndani Rose akaanza kuvuta pumzi kwa mbavu. Halii. Anavuta tu.
Nikamweka kitandani, nikachomeka chandarua pande zote. Nikafungua dirisha.
Sikufikiri mara mbili. Naandika hivyo ili nisije kujidanganya.
Upepo ukaingia, nao wakaingia. Rose chandaruani, mbavu zikatulia polepole, akalala. Picha sasa ina watu. Weusi, wamejaa barabarani, wengine bado wanatembea.
Nimesogea nicheke.
Ghorofa ya tatu, kwenye baraza, kuna kamba. Nepi tatu zimekakamaa kwa baridi, moja ina bata wa njano. Ni ya Rose. Mpaka ile pini yangu iliyopinda ameichora. Rangi yake ndiyo mbichi kuliko zote, lazima ni ya leo asubuhi. Hakuniambia.
Mdudu kanasa juu ya bata, anapiga miguu.
Nimechukua kibanio. Naogopa kumfuta bata, nimekiweka hapa kando ya daftari.
Namsikia Chenge anapanda mawe, anapiga mluzi. Fremu inagonga ukuta wa jirani.
Dirisha sijalifunga.