Kiwiko cha Karani

Itumba, Ileje
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Eliakim,

Nakusalimu sana, wewe, wifi Marita na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Tunduma, na kwamba kikohozi cha wifi kimetulia licha ya vumbi lote la malori. Huku maharage yameota vizuri. Kidonda cha mkono wa Mama kinaendelea kukauka, na kesho nampeleka kuchomwa sindano ya tatu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, wewe hufoka kabla mtu hajamaliza sentensi, nami nikifokewa hukata simu. Safari hii nataka unisikie mpaka mwisho. Lusajo, dereva wa Noah, ameahidi kukukabidhi barua mkononi leo leo, kabla hujapanda gari la kuja kummaliza mbwa wetu Karani kama ulivyoapa.

Jumatatu nilikueleza kwamba Karani alimng'ata Mama kwenye kifundo cha mkono wakati akimlisha ugali pale kizingitini. Nilikueleza pia kwamba tuliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha tukakimbia hospitali. Uliponiuliza alichokozwa na nini, nilijibu kwamba hakuchokozwa na mtu, aligeuka tu. Ndipo uliposema auawe, mbwa wa Baba au si wa Baba. Mtendaji wa kijiji naye alisema mbwa anayemng'ata mwenye nyumba bila sababu ana kichaa, na kwamba Ijumaa angemtuma mtu mwenye bunduki.

Lakini mkono haukumuuma Mama kama moyo. Unajua tangu macho yake yaingie ukungu, Karani ndiye humtangulia hadi kanisani, naye hufuata ile kengele uliyomfunga shingoni. Mama alikuwa akisema kwamba macho yalitangulia kumwacha, akafuata Baba, na sasa hata mbwa hamjui tena. Jumanne hakula. Jumatano asubuhi alikunywa chai nusu kikombe.

Jumatano hiyo alikuja Daktari Fides wa mifugo. Ni mwembamba, mpole, hana haraka, na mimi watu wasio na haraka hunitia wasiwasi. Alisoma cheti cha chanjo ya mwaka jana, akauliza kama mbwa anakula na kunywa maji. Kisha akamwomba jirani yetu Anyosisye amtembeze Karani kwa kamba uani, huku mdomo umefungwa kwa kipande cha kitenge.

Sote tulijua anachechemea, ila tulibishana ni mguu upi. Anyosisye alishikilia ni wa kulia, maana kila akiukanyaga kichwa huinama. Daktari alisema ni kinyume chake: mbwa huinamisha kichwa akikanyaga mguu mzima, na hukiinua akikanyaga unaouma ili aupunguzie uzito. Mbovu ni wa kushoto. Akauliza kama asubuhi huamka amekakamaa, kisha akilainika baada ya kutembea. Nikasema ndiyo, tangu kipupwe cha mwaka jana.

Akapiga magoti. Alibonyeza kucha moja moja, vidole, kifundo, Karani akatulia. Alizungusha bega, akatulia pia. Kisha akashika viwiko vyote viwili vya miguu ya mbele, akanishikisha na mimi. Cha kushoto kilikuwa kinene, kimetokeza nje, na nyama ya juu yake imekonda. Alipokikunja kiligoma nusu ya njia, na nilisikia kitu kikisagana chini ya kidole changu. Alipoanza kukinyoosha, polepole tu, Karani alipiga yowe akageuza kwa kasi mdomo wake uliofungwa, akaugonga kwenye mkono wa Anyosisye, aliyekuwa ameshika kichwa chake.

Daktari akauachia mguu. Alisema ni kiungo kilicholika kwa uzee, ingawa picha ya eksirei kule Mbeya ndiyo ingeonyesha kimelika kiasi gani. Halafu akauliza swali ambalo silisahau: Jumatatu, kuna mtu aliyekuwa ameushika mguu huu? Kama yupo, angemwomba mtendaji mbwa afungwe na kuangaliwa siku kumi. Kama hayupo, hana la kumtetea.

Mama alinijibia. Alisema hakuna aliyemgusa, alikuwa peke yake na mbwa wake. Na kweli, kwa macho yake, alikuwa peke yake.

Kaka, mtu huyo ni mimi. Nilikuwa na hakika bega limeteguka, nikataka kulirudisha kama Baba alivyokuwa akifanya kwa mbuzi. Nilisubiri Karani ainamie ugali, nikanyata nyuma yake, nikaushika mguu wa kushoto nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Alichong'ata ni kilichokuwa karibu na mdomo wake. Nilipoona damu ya Mama niliogopa. Nilimwogopa Mama, nikakuogopa wewe, nikakudanganya, na siku mbili nzima nilimwacha mama yangu aamini kwamba mbwa wake amemsahau. Naona aibu hata kuandika.

Niliyasema yote palepale uani, mbele ya Anyosisye. Mtendaji amekubali kungoja. Siku kumi zinatimia Alhamisi, na Daktari ameonya kwamba ugonjwa wa kiwiko hauondoi uwezekano wa kichaa cha mbwa, kwa hiyo sindano za Mama zinaendelea na Karani bado yuko kwenye kamba. Anakula, anakunywa. Naenda kumwangalia kila saa kama mwehu. Nakuomba usije na hasira. Ukija, njoo unifokee mimi.

Mama hakunifokea. Aliniuliza jambo moja tu: kwa hiyo alikuwa ananijua? Nikamjibu ndiyo Mama, alikuwa anakujua. Akalia, yeye ambaye Jumatatu hakutoa chozi. Jioni alikula sahani nzima. Tangu hapo hajasema nami neno, isipokuwa kuniuliza kama Karani amekula.

Wasalimie wote wanaotukumbuka, na umbusu mtoto mdogo kwa niaba ya shangazi yake mwenye mikono isiyotulia.

Ni mimi dada yako,
Atupele