Sahani Safi za Mutwiri

Jumamosi, Aprili. Ukungu umekaa juu ya mibuni tangu asubuhi na manyunyu hayaishi. Nimeingia na kompyuta ya shule niliyoazimwa, nikafunga mlango. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo ninababaika. Majina yote nimeyabadilisha, na nyumbani hakuna anayeijua blogu hii.

Nawashuku kuku wetu.

Najua jinsi inavyosikika. Lakini wamenenepa tangu tufunge shule, na hakuna mtu aliyewaongezea chakula.

Mdogo wangu Mutwiri alitahiriwa Desemba, alipomaliza gredi ya tisa. Kwetu mvulana akitoka jandoni anaitwa muthaka, kijana aliyekomaa. Analala nyumba yake, hakai tena jikoni kwa mama, na mama naye haingii kwake. Chakula anapelekewa. Muhula wote mimi nilikuwa bwenini, kwa hiyo sikuona lolote. Likizo hii mpeleka chakula ni mimi.

Zamani hungeweza kumtoa jikoni. Alimenya nduma huku akiiga kikohozi cha naibu mwalimu mkuu, mpaka Mama akalazimika kuweka kisu chini acheke vizuri. Sasa anajibu "ndiyo" na "hapana", na wakati mwingine hata hiyo hapana haimfiki mdomoni.

Sahani zake hurudi safi. Mama huzitazama na kutabasamu. "Umeona? Anakula kama mwanaume."

Juzi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Chini ya dirisha kuku walikuwa wanapigania mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi niliotoka kumpelekea. Ulikuwa bado unatoa mvuke.

Kutoka hapo sikumwamini mtu.

Nilianza na Koome, binamu yetu. Ndiye aliyekuwa mlezi wa Mutwiri kule alikopona, yeye na vijana wenzake. Kila Jumamosi huja na pikipiki kumchukua. Huleta mkate. "Anti, mbona wewe unazidi kuwa msichana na sisi tunazeeka?" Mama humchapa na kitambaa cha jikoni huku akicheka. Mimi sicheki. Mutwiri huisikia hiyo pikipiki ikiwa bado kwenye kona, kabla yetu sote, na shingo yake huzama mabegani. Mtu anayetembelewa na rafiki hafanyi hivyo.

Nilimwambia Mama. "Mwache, Kendi," akasema. "Ulitaka aje kunisimulia hadithi za walimu mpaka aoe?"

Basi nikajishuku mwenyewe. Labda nimesoma riwaya nyingi mno, zile ambazo kila anayetabasamu amemtilia mwenzake sumu. Nilimfikiria mwalimu wetu wa ushauri nasaha. Lakini kuna msichana alimweleza mambo ya kwao asubuhi, na wakati wa chakula cha mchana wapishi walikuwa wanamwonea huruma. Kwa hiyo hapana.

Leo nilimpelekea Mutwiri chakula na sikuondoka. Niligeuza ndoo tupu ya maji nikaikalia karibu na mlango.

"Umetumwa na nani?" akauliza.

Nilimwambia nimeona kuku. Nilidhani atanifukuza. Alikaribia kucheka, kisha uso wake ukasawijika.

Yanayofundishwa jandoni siyajui na siyaulizi. Wavulana wengi wa hapa Githongo hutoka huko wazima na wenye adabu. Lakini alichoniambia Mutwiri hakikuwa mafundisho. Koome na wenzake walimpiga mpaka akalia akimwita Mama, na mmoja wao akamrekodi kwa simu. Sasa kila Jumamosi wanampeleka wanakokunywa, wanamtuma, wanamzaba makofi wakijisikia. Akikataa, video itaenda kwenye kundi la darasa lake.

"Nimechoka, Kendi. Kuna asubuhi natamani nisingeamka."

Niliwahi kusoma kwamba mtu akisema hivyo aulizwe waziwazi, na kwamba kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kusoma ni rahisi. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama si wangu. Nikamuuliza kama anafikiria kujiua.

Akatazama viatu vyake. "Wakati mwingine."

Halafu akataka niape kwamba sitamwambia mtu.

Sikuapa.

Aliniita mdaku. Aliniita mtoto wa mama. Akageukia ukuta. Niliogopa kumwacha peke yake hata kidogo, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikaita, "Baba! Baba, njoo!" Mimi, ambaye darasani kila mwalimu huniambia nipaze sauti.

Baba alitoka mbio kwenye zizi na nyundo mkononi, akidhani ni nyoka. Nilimweleza yote palepale, Mutwiri akisikia. Uso wa Baba ulikakamaa.

"Mambo ya jandoni wewe msichana umeyajulia wapi?"

"Ya jandoni siyajui, Baba. Najua Mutwiri anataka kufa."

Aliweka nyundo chini polepole, kama kitu cha glasi. Akaingia, akaketi kitandani kando ya Mutwiri. Nilibaki nje nimeegemea ukuta, kwa sababu hata Baba sikumwamini. Nilimngojea aseme "jikaze". Nilikuwa nimejiandaa kuingia na kubishana, ingawa sijawahi kubishana naye.

Kisha nikamsikia akisema, "Hata mimi nililia kule. Sijawahi kumwambia mtu."

Mutwiri akalia kwa sauti. Nilifurahi kuisikia, na nikaona aibu kwamba nimefurahi.

Koome alifika na mkate wake kama kawaida. Baba alimkuta langoni, hakulifungua.

"Rudi ukamwite baba yako. Na hiyo simu uje nayo."

"Anko, huo ulikuwa utani tu wa vijana."

"Nimesema uje na simu."

Mama alipoambiwa alikaa kwenye kigoda, mikono ikining'inia. "Na mimi nilikuwa nafurahia sahani," akasema. Akainuka, akazifungia dawa zote za kupulizia kahawa kwenye sanduku lake na ufunguo akautia kifuani. Kisha akavuka ua moja kwa moja, akaingia kwa Mutwiri. Baba alimwona. Hakumzuia.

Usiku wa leo Baba atalala huko, ameshapeleka blanketi. Anasema Jumatatu watakwenda hospitali, kuna mtu wa kuzungumza na vijana. Nataka kumwamini. Lakini najua baba mkubwa, babake Koome, atakuja na mbuzi na maneno matamu, aseme mambo haya yaishe ndani ya ukoo, na Baba hapendi ugomvi na kaka yake. Jumatatu nitavaa viatu mapema na kungoja langoni. Wakisahau, watanikuta hapo.

Mutwiri hanisemeshi. Jioni alitoka kwenda kunawa, akanipita kama anavyopita nguzo ya stima. Kwake mimi ndiye niliyemtangaza kwa Baba, na ni kweli, nilimtangaza.

Nimekubali. Anichukie likizo hii, na ijayo, na mpaka nimalize shule akitaka. Mradi awepo wa kunichukia.