Sarafu ya Simba na Farasi wa Pembe Moja

Jumapili jioni, Newburg

Sitaitupa. Naandika hapa ili kesho nisije nikalegea.

Leo baada ya ibada Mama Neema, kiongozi wetu wa maombi, alikuja nyumbani na akina mama wawili. Walikuja kunifariji, maana mimba yangu ilitoka wiki iliyopita. Nikawachemshia chai. Mara Mama Neema akaiona ile sarafu ya Uingereza juu ya kabati: ngao katikati, simba mwenye taji upande mmoja, farasi wa pembe moja upande wa pili.

"Dada Esperance, mnyama huyu wa pembe ni wa kuzimu," akasema. "Ndiye aliyemla mtoto wako. Kaitupe mtoni."

Sarafu hiyo nilipewa na Bibi Ruth, mzee Mwingereza niliyemwogesha na kumlisha katika kazi yangu ya kutunza wazee mpaka akafariki. Alinishikisha mwenyewe, akasema baba yake alimpa siku alipoondoka kwao, asisahau alikotoka. Hakuwa na mtoto wa kumwachia.

"Mama, daktari amesema hutokea kwa wanawake wengi," nikamjibu. "Mwanangu hakuliwa. Na zawadi ya marehemu siitupi."

"Basi usishangae ukimpoteza na mwingine."

Nikainuka, nikafungua mlango, nikawatakia safari njema. Mtu mzima kama yule, nimemfungulia mlango atoke.

Naogopa. Jumapili ijayo huenda nikaachiwa benchi peke yangu. Nitakwenda, na nitakaa mbele.