Utukufu Kabla ya Siku Zake

Kihesa, Iringa

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Sisi tu wazima. Babu yako amemaliza kupanda mahindi, na mvua ni njema.

Umeniuliza kama uache kwaya ya huko Ilomba, kwa kuwa mwalimu wenu haruhusu "Utukufu", wimbo wa malaika Bwana alipozaliwa, uimbwe katika majuma yote manne ya Majilio, tunapoingoja Noeli.

Nilipokuwa binti, kwaya yetu ilikwenda hija kwa miguu hadi kanisa la mlimani, Noeli ikiwa imekaribia. Kila Jumapili mimi ndiye niliyeanzisha "Utukufu". Siku ile, baada ya "Bwana utuhurumie", furaha ya kufika ilinizidi, nikauanzisha kwa sauti kuu. Hakuna aliyeitikia.

"Wewe binti," mwalimu wetu alininong'oneza, wenzangu wakisikia, "Mama Maria bado ni mjamzito, nawe umekwisha kumzalisha?"

Kwaya nzima ilicheka. Nilirudi nyumbani nikiamini nimepoteza nafasi yangu.

Siku ya Noeli mwalimu alinitazama, akasema, "Haya, sasa amezaliwa." Nilianzisha, na wimbo niliouzoea ulinitoa machozi kwa utamu wake.

Nimekwisha kukata tiketi ya basi. Noeli nitaketi benchi la mbele hapo Ilomba, na sikusudii kusafiri kote huko kusikiliza wajukuu wa watu wengine.

Bibi yako