Karata Ninazo Mimi, Watu Anao Tumpe

Mama,

Leo sikuandikii kukusalimia tu. Nina wivu, na nimechoka kuumeza. Tangu tukuzike ni miezi saba, na hapa Bulyaga kila ninayekutana naye ananiambia nishukuru, mama kakuachia kazi. Kazi ipi? Karata ninazo mimi, watu anao Tumpe.

Ndiyo, Tumpe huyo huyo wa Lufingo, aliyekuja kukusaidia kufua akaishia kuwa mwanafunzi wako. Hana hata karata za maana! Kakata boksi la biskuti, kachora picha zote kwa kalamu ya wino. Mfalme wake ana masikio ya sungura, wallahi. Na wanawake wanakipanda kile kilima na mvua hii kwenda kumsikiliza, wakati mimi nimekaa na taroti zako halisi, karata za kubashiria, zile alizokuachia yule mgeni wa gesti uliyekuwa unamfulia mashuka.

Mgeni alikufundisha kutandaza kumi: mbili katikati, moja imelala juu ya mwenzake, nne kuzizunguka, na nne nyingine zimepangwa pembeni. Wewe ukasema kumi ni nyingi, mtu anasahau alichokuja kuuliza. Ukaziondoa zile za pembeni, zikabaki sita. Ya chini chanzo, ya juu anachokitamani mtu, kushoto yaliyopita, kulia yajayo. Yule wa kwenye karata aliyening'inia kichwa chini ukamwita mchuma parachichi. Jua likitokea ulikuwa unacheka, "Huyu aanike nguo zake haraka." Nani angesema hivyo kama si mtu wa Tukuyu, kwenye mvua zisizokatika? Na kabla ya kufunua ulikuwa unasema, "Mungu ndiye ajuaye, sisi tunaongea tu."

Hayo yote niliyashika kwa macho. Kila Jumapili nilipokuja kutoka Mbeya ulikuwa unaniambia, "Zuhura, kaa hapo mbele nikuone." Nakaa ng'ambo ya mkeka, karibu na mteja, natazama. Tumpe yuko kando yako, bega kwa bega, na kila picha ikifunuliwa anakunong'oneza jina lake. Kimbelembele, nikasema moyoni. Anataka tujue kwamba anajua. Nikanuna mpaka ukaniuliza, "Una nini wewe?" Nikasema sina kitu. Nilikuwa nacho, Mama. Nilitaka pale alipokaa yeye.

Baada ya arobaini nikahamia nyumbani kwako na cherehani yangu na binti yangu Rehema, nikatandika mkeka wako. Mteja wa kwanza akawa Mama Subilaga. Binti yake kaposwa na kijana wa Suma, akubali au asikubali? Nikatandaza sita. Upande wa yajayo ikakaa ile nyumba iliyopigwa radi. Sikumficha. Mama wa watu akaenda akairudisha barua ya posa, na binti akajifungia chumbani hali wala hasemi.

Wiki mbili baadaye akapanda kwa Tumpe. Tumpe akamuuliza radi ilikaa kushoto kwangu au kulia. Kushoto, akasema. Basi Tumpe akamwambia, "Mama, hiyo imeshapiga. Ndiyo ile iliyokuchukulia mumeo." Posa ikapokelewa upya. Mama Subilaga akashuka kutoka Lufingo anashukuru njia nzima, ndaga fijo, ndaga fijo, na mimi hajawahi kuniambia hata ahsante. Harusi inaandaliwa na sijaitwa hata kumenya vitunguu.

Nilipanda Lufingo siku ileile nimevaa mabuti ya mvua, maneno yamenijaa mdomoni. Nikamkuta anamenya ndizi. Nikammwagia yote: umeniharibia jina, umeniibia watu, yule alikuwa mama yangu si mama yako. Alifuta mikono, akatandaza vile vikaratasi vyake sita, akapiga mkeka kando yake. "Dada, njoo ukae huku."

Nikakaa. Nikatazama. Haki ya Mungu, kila kitu kiligeuka. Yaliyopita kwangu yalikuwa yajayo kwake. Miaka yote ile nimejifunzia ng'ambo, kushoto kwako kukiwa kulia kwangu, na mtu mzima na akili zangu sikuligundua! Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Nikamuuliza, kwa nini Mama alikukalisha wewe upande huu? Akarudi kwenye ndizi zake. "Alikuwa haoni, dada. Miaka miwili ya mwisho alikuwa haoni kabisa. Nilikuwa namtajia picha."

Mama! Kaa hapo mbele nikuone. Ulikuwa unaniona na nini?

Eti ulimwapisha. Eti ulisema Zuhura akijua ataacha kazi yake Mbeya aje kukaa na kipofu. Ni kweli, ningeiacha. Ningekuja usiku huohuo. Ilikuwa haki yangu kuja, na wewe ukampa mtu wa kando. Habari ya karata nimeshamsamehe Tumpe. Lakini yeye ndiye aliyekushika mkono kwenda bafuni. Yeye ndiye aliyekuchagulia kanga za kuvaa Jumapili ili nisishtuke. Mpaka kikombe, alikuwa anakigeuza kishikio kikuelekee! Mimi niliyetoka tumboni mwako nilikuwa nimenuna ng'ambo ya mkeka. Namwonea wivu, Mama, sikufichi. Ninamwonea wivu wa taabu zako.

Siku hizi kazi naifanya kwa namna yangu. Mteja simkalishi mbele. Tunakaa upande mmoja, kushoto kwetu kunakuwa kumoja, na asichokielewa ananiuliza. Mama Subilaga nimemwomba radhi, akanikumbatia, ila kitunguu bado sijapewa. Alhamisi Tumpe anashuka, ananisahihisha. Taroti zako simpi. Roho yangu haijafika huko, nisikudanganye.

Kwaheri, Mama. Mungu aliangaze kaburi lako. Sijakusamehe bado, na sijui itachukua muda gani. Ila nakuahidi jambo moja: siku macho yangu yakianza kufifia, nitamwita Rehema nimwambie yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akitaka, aache cherehani, aache kazi, aache chochote atakachokuwa nacho. Achague mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura